Mjaza Hewa wa Ng'amba

Asubuhi za Kasulu mwezi wa Juni huamka na ukungu mzito, na baridi inayompenya mtu hadi kwenye mifupa. Vijana wa bodaboda wanaoleta abiria kutoka Heru Juu hupunguza mwendo wakifika kona ya soko. Wengine hupunguza kwa sababu hawaoni mbele, wengine kwa sababu tairi limelegea na wanajua kwamba pale konani yupo Haidari.

"Shikamoo mzee. Nijazie upepo."

"Marahaba. La mbele au la nyuma?"

Haidari huwasha kompresa, akasubiri mngurumo wake utulie, ndipo akainama. Ana kamtindo kake: kabla ya kuchomeka mpira kwenye tairi huachia upepo kidogo mbele ya pua yake, akaunusa. Vijana wamemcheka mpaka wamechoka. Tairi lina pua gani hata mtu alinusie upepo? Yeye huwajibu kwamba mkono uliozoea kazi hauachi adabu zake. Akikuona una nafasi ya kusimama kidogo, basi umekwisha. Atakuhadithia habari za Ng'amba.

Ng'amba ilikuwa meli. Si kubwa, lakini ilikuwa na vyumba vya kulala wageni, jiko, meza ndefu ya chakula sitahani, na huko nyuma, karibu na ngazi ya kuteremkia majini, mitungi ya hewa iliyopangwa kama chupa za soda kwenye kreti. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali, wakapanda Dar es Salaam, wakaishi humo wiki nzima bila kukanyaga nchi kavu. Meli iliwapeleka kusini, ikipita Mafia, hadi kwenye visiwa vidogo ambavyo hata wavuvi huvifikia kwa nadra: Okuza, Nyuni, na fungu moja la mchanga la mbali kabisa ambalo mabaharia wa Ng'amba walilibatiza Fungu la Ndege, kwa kuwa hapakuwa na mti wala nyumba, ndege tu. Huko wageni walivaa mitungi mgongoni, wakazama, wakapanda, wakala, wakalala kidogo, wakazama tena. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao. Na hewa waliyovuta huko chini, yote, aliijaza Haidari wa Kasulu.

Hakuzaliwa na maji, jamani. Baba yake, Nurudini, alikuwa na duka la vitenge na mafuta ya taa. Mama yake, Mwajabu, ni Muha wa Kibondo, mwanamke aliyeweza kulima kutwa bila kupumzika lakini akiuvuka mto hata wa kufika kwenye magoti alikuwa akisoma dua. Haidari alijifunza kuziba pancha za baiskeli kibarazani pa duka la baba, na huenda angeishia hapo, lakini mjomba wake Abdulrahmani alikuwa fundi wa mashine za meli kule Tanga, akaja likizo, akamwona kijana anavyoifungua pampu na kuifunga huku anazungumza na watu. Akamwambia dada yake, "Huyu nipe mimi."

Mwajabu hakulala vizuri wiki ile. Siku ya kuagana alimshika mwanawe mikono yote miwili. "Mwana wanje," akasema kwa Kiha, mwanangu, "maji hayana tawi la kushika. Ukiteleza shambani utashika mhogo. Kule utashika nini?"

"Sitaingia majini, mama. Mimi ni wa mashine tu."

Ahadi hiyo aliitunza muda mrefu. Alipoanza kupiga simu nyumbani na kusema anafanya kazi na wazamiaji, mtaa mzima uliamini kwamba kijana wa Nurudini amejificha kwenye shehena ya meli anaelekea Afrika Kusini. Mwajabu alilia siku mbili, mpaka Abdulrahmani alipopiga simu mwenyewe kueleza kwamba kuna wazamiaji wa kujificha na wazamiaji wa kuzama, na kwamba hawa wa pili hulipa nauli.

Sasa kompresa ya mitungi si kama ya tairi. Ile husindika hewa mpaka mtungi unapata moto, ndiyo maana mitungi hukaa ndani ya pipa la maji wakati wa kujazwa. Hewa hupitishwa kwenye mkaa maalumu ili isafike. Moshi kidogo tu wa injini ukiingia, mtu anaweza kuzimia huko chini asirudi. Mjomba wake alimfundisha hayo yote. Jambo moja tu hakumfundisha, na hilo Haidari alifundishwa na mtu mwingine.

Ilikuwa katika safari yake ya kwanza. Mwongozaji wa wageni chini ya maji alikuwa mwanamke, Firdausi, mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Jua lilikuwa limepanda kidogo alipotoka majini, maji yakimchuruzika, na badala ya kwenda kujifuta akaja moja kwa moja penye kompresa.

"Wewe ndiye mjaza hewa mpya?"

"Ndiye mimi, dada."

"Leo umenipikia nini?"

"Mimi si mpishi, dada."

"Niko chini, nawaonyesha wageni samaki taa aliyejifukia mchangani, na kila nikivuta pumzi nasikia vitunguu vinakaangwa. Bwana wee, nimepanda na njaa ya siku tatu!"

Sitaha nzima ilicheka. Haidari alifuatilia mpira wa kunyonyea hewa, akakuta ncha yake imetulia chini ya dirisha la jikoni. Alasiri ile aliupandisha mpira juu ya mlingoti, akaufunga kwa kamba, akabadilisha na mkaa. Tangu hapo akawa ananusa kila mtungi kabla haujavaliwa. Kesho yake Firdausi alipopanda alisema neno moja tu akipita: "Haina kitu." Kwa mjaza hewa hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku hiyo hiyo wakati wa chai akamuuliza, "Hivi wewe ni mtu wa wapi?"

"Kasulu. Ila mama yangu ni wa Kibondo."

Firdausi akaweka kikombe chini. "Jibondo! Wa nyumba ya nani? Mbona sikujui?"

"Kibondo."

"Ndiyo, Jibondo. Mimi nimezaliwa Jibondo hapo, ng'ambo ya Mafia, kisiwa chenyewe ukipiga chafya upande huu wanakuombea dua upande wa pili. Nyumba ya nani?"

Ilibidi mpishi aingilie kati kuwatenganisha, Kibondo ya milimani na Jibondo ya baharini. Lakini utani ukawa umepata mzizi. Tangu siku hiyo Firdausi alimwita binamu, na kila Haidari alipokosea jambo alimwambia, "Ndiyo nyinyi watu wa kwetu."

Miaka ya Ng'amba ilikwenda hivyo, na Haidari akiieleza leo hueleza kama mtu anayeonja kitu kitamu kilichobaki ulimini. Hueleza jinsi walivyoamka kisiwa kikiwa mbele yao bila moshi, bila paa, bila hata mbwa wa kubweka. Jinsi pomboo walivyokimbizana na omo, pua ya meli. Jinsi wageni walivyopanda ngazi wakizungumza wote kwa pamoja kwa lugha ambazo yeye hakuzijua, mikono imetanuliwa kuonyesha ukubwa wa chewa waliyemwona, na kila aliyepanda alitanua mikono zaidi ya aliyemtangulia. Yeye aliwapokea mitungi mitupu. Aliijua safari ya kila mmoja kwa mtungi wake: mwenye hofu alirudi nao umekauka, mzoefu alirudi na nusu. Wa Firdausi kila siku ulibaki na hewa nyingi, kana kwamba huko chini alikuwa anapumua kwa ruhusa ya mtu.

Yeye hakuzama. Walimshawishi, wakamtania, akakataa. Alikuwa na ahadi ya mama yake, na chini ya ahadi hiyo, kusema kweli, alikuwa na hofu yake mwenyewe.

Kisha ikaja siku ya Fungu la Ndege.

Firdausi alizama na wageni watatu upande wa mashariki wa fungu, mahali ambapo sakafu ya bahari huporomoka ghafla kama genge. Boti la mpira lilibaki juu likifuata mapovu yao. Mara mvua ikaja, ile mvua ya baharini inayotembea kama ukuta, na ilipopita, mwendesha boti hakuona mapovu wala watu. Mkondo ulikuwa umegeuka. Alizunguka fungu lote akipiga kelele, akarudi melini midomo imemkauka.

Nahodha alikuwa mtu mzima asiyependa maneno. Aliamuru nanga ing'olewe, akaipeleka Ng'amba hadi pale walipozamia, kisha akafanya jambo lililowashangaza wengine: akazima injini. "Iacheni meli iende inakotaka," akasema. "Maji yaliyowachukua wao yatuchukue na sisi."

Haidari alipanda mlingotini. Hakuna aliyemtuma. Alishikilia pale alipofunga mpira wake wa hewa, akatazama mpaka macho yakaanza kumwonyesha vitu visivyokuwepo. Saa za hewa zilikuwa zimekwisha zamani. Alijua kwamba wakiwa hai wanaelea juu, vichwa tu, na kichwa cha mtu baharini ni kama punje ya mtama kwenye uwanja wa mpira. Huko juu alijikuta anazungumza peke yake kwa Kiha, lugha aliyokuwa hajaitamka miezi mingi. Alikuwa anamwomba Mungu kwa maneno ya mama yake.

Jua lilikuwa limeinama alipoisikia filimbi. Nyembamba, ya mbali, ikakatika, ikarudi. Kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, aliisikia.

"Kulia! Nahodha, kulia!"

Waliwakuta wanne wote, wamejifunga kwa mkanda mmoja wasiachane, puto lao la rangi ya chungwa, la kuonyesha walipo, limechanika na kunywea. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuwa analia na kucheka. Baadaye alisimulia kwamba kwa muda wote ule Firdausi aliwaelekeza jinsi ya kupika pweza wa nazi, hatua kwa hatua, na kila aliyekata tamaa aliulizwa swali: baada ya kutia ndimu, tunatia nini?

Firdausi alipanda wa mwisho. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Alimkabidhi Haidari mtungi wake, akasema kwa sauti iliyokauka, "Hewa ya leo ilikuwa nzuri, binamu."

Haidari alitaka kujibu kwa utani. Badala yake machozi yakamtoka mbele ya watu, na pale pale, ameupakata mtungi kama mtoto mchanga, akasema, "Mimi nataka nikuoe."

Hakuna aliyecheka. Firdausi akajifuta chumvi usoni.

"Kwanza nilale," akasema.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, meli imetia nanga Okuza. "Nimefikiri," akamwambia. "Sina neno na wewe. Lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye hajawahi kufika ninakofanyia kazi. Utakuwa unaniaga kila asubuhi kama unaaga maiti. Njoo uone kwanza. Ukiona, kisha ukataka bado, mpigie simu mama yako, halafu tuzungumze."

Basi Haidari akauvaa mtungi alioujaza mwenyewe. Alianza kwenye maji ya kifuani, Firdausi amemshika mkono. Mara ya kwanza alipotia uso majini alisimama upesi, anakohoa. Mara ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alisikia pumzi yake ikiingia, ikatoka, ikaingia, na ikampitia fikra kwamba hewa hii ameinusa asubuhi kwa pua yake, anaijua, haina kitu. Akaachia miguu.

Anavyosimulia yeye, alitarajia kiza. Watu wa milimani hudhani chini ya maji ni usiku. Badala yake aliona mwanga umelala juu ya matumbawe, na matumbawe yenyewe ya zambarau, ya manjano, ya kijani kichanga, akakumbuka mashamba ya maharage ya Heru Juu yanapochanua baada ya mvua. Alisikia ukwaruzi, akageuka, kumbe ni samaki pono wanatafuna mawe, kra, kra, kama mbuzi kwenye mabua. Kasa mmoja alipita chini yao bila haraka, mzee mwenye safari zake. Na mbele yake Firdausi alikuwa ametulia ndani ya maji bila kushika kitu chochote, mikono imekunjwa kifuani, anamtazama yeye anavyotazama.

Alilia tena. Ndani ya miwani ya kuzamia machozi hayana pa kwenda, kwa hiyo alipanda juu haoni vizuri, na Firdausi ndiye aliyemwelekeza ngazi ilipo.

Simu kwa Mwajabu ilikuwa fupi.

"Mama, nimepata mchumba. Anaitwa Firdausi, wa Jibondo."

"Alhamdulillahi!" Mwajabu akapiga kigelegele mpaka simu ikakoroma. "Kumbe na kuzunguka kote huko, umeoa nyumbani!"

Haidari hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Ukweli ulijulikana siku bibi harusi alipoletwa Kasulu, akasalimiwa kwa Kiha, "Mwakeye," na wakwe wote, akajibu "Aleikumsalaam."

Walizunguka pamoja na Ng'amba miaka mingine mingi baada ya hapo. Kisha ikaja korona. Ndege zilikoma, wageni wakakoma. Meli ilikaa imefungwa gatini mpaka mwani ukaota kwenye ngazi yake, na mwenye meli, ambaye hakuwa mtu mbaya, akawaita, akawaambia ameiuza na inakwenda nchi nyingine. Mabaharia walisimama gatini kuitazama inavyotoka. Haidari anasema hakuitazama meli. Alisikiliza kompresa, kama yuko mtu atakayeiwasha. Haikuwashwa.

Nurudini alikuwa ameshafariki, Mwajabu yuko peke yake na magoti yanamuuma. Firdausi ndiye aliyesema, "Twende kwa mama." Na hivyo mwanamke wa Jibondo akaja kuishi mahali ambapo upeo wa macho ni vilima na udongo mwekundu. Alipika migebuka, samaki wa kutoka Kigoma, kwa nazi iliyosafiri kwa lori, akafungua mgahawa mdogo karibu na kompresa ya mumewe, watu wakaupenda. Hakulalamika hata siku moja. Lakini Mwajabu alikuwa na macho. Asubuhi moja alimkuta mkwewe ameinama uani, uso wote umo ndani ya beseni la maji, ametulia hivyo hivyo, hatikisiki. Mwajabu alipiga yowe mtaa ukasikia. Firdausi akainua uso, maji yakimtiririka, macho yamemwiva. "Nilikuwa nanawa tu, mama."

"Kunawa gani huko?"

Mjini hapo alikuwa na rafiki, Jeanne, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyeruhusiwa kuja siku za soko tu na vitenge vyake. Jeanne alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Fizi, na wawili hao wakikaa pamoja mazungumzo yao yote yalikuwa maji. Siku moja Jeanne akasema mbele ya Mwajabu, "Dada, wee unapenda mayi ivi, juu ya nini hauende Kigoma? Ile ziwa yetu iko na mayi safi. Unaona mpaka majiwe ya chini. Miye wananikataza kutoka. Wee nani anakukataza?"

Firdausi alicheka, akasema ziwa si bahari. Mwajabu hakucheka. Jioni alimwita mwanawe.

"Haidari. Funga hicho kimashine chako siku moja. Mpeleke mwenzako akaone maji."

"Mama, magoti yako, nani atabaki na wewe?"

"Nani kasema nabaki?"

Waliondoka wote watatu kwa basi la asubuhi, na barabara siku hizi ni lami, kwa hiyo kabla ya adhuhuri walikuwa wameshafika kwenye ufukwe mdogo wa changarawe nje ya mji wa Kigoma. Ziwa lilikuwa limelala kimya, ng'ambo milima ya Kongo inaonekana kama moshi. Firdausi alivua viatu, akasogea hadi ukingoni mwa maji. Kisha akatoa mkobani miwani yake ya zamani ya kuzamia, ambayo Haidari hakujua kama bado anayo, akamkabidhi Mwajabu khanga ya juu, akaingia majini na nguo zake kama mtu anayeingia chumbani kwake. Akavuta pumzi moja. Akatoweka.

Maji yakajifunga juu yake. Mwajabu akasubiri. Akamtazama mwanawe, akayatazama maji.

"Harudi?"

"Atarudi, mama."

"Haidari, harudi!"

Na yule bibi aliyesoma dua kwenye kila kijito cha Kibondo akanyanyuka bila fimbo, khanga ya mkwewe imekumbatiwa kifuani, akaingia ziwani na viatu vyake mpaka magotini akiita, "Firdausi! We Firdausi!" Haidari akamfuata mbio na suruali yake, akamshika kiwiko.

Firdausi akaibuka mbali kidogo kuliko walivyotarajia, nywele zimemwagika usoni, anahema, anacheka kicheko ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu gatini. Akalamba midomo yake, akakunja uso kwa mshangao.

"Haidari! Hayana chumvi hata kidogo!"

"Ndiyo ziwa hilo."

"Mama, umeingia majini?"

Mwajabu akatazama miguu yake ndani ya maji, akaiona yote hadi vidole, na changarawe, na visamaki viwili vyenye mistari vikimzunguka kifundo. Hakutoka. Alisimama imara, kana kwamba yuko kibarazani pake na amepata mgeni mwenye habari.

"Huko chini kuna nini?"

Firdausi akaanza kueleza: mawe makubwa kama nyumba, na samaki wadogo wa buluu, kila mmoja na jiwe lake, wanafukuzana milangoni kama majirani wa Jibondo. Mwajabu alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nyuma ya hayo mawe?"

"Sijafika, mama."

"Basi nenda," akasema Mwajabu. "Nenda ukaangalie, uje utuambie."

Firdausi akavaa miwani yake, akavuta pumzi. Haidari na mama yake wakabaki wamesimama majini, wameshikana, wakitazama pale alipozamia.